Nyama, dagaa au maharage: hesabu ya sokoni Himo

Soko la Himo lina karibu kila kitu: ndizi zilizoteremshwa kutoka Marangu na Kilema, mahindi ya tambarare, dagaa wa Mwanza na wa Kigoma, mabucha pembeni. Kinachopungua ni pesa mkononi mwa mnunuzi. Basi tuulize kipi kinajenga mwili zaidi kwa shilingi ileile.

Tuanze na kitoweo, maana ndicho kinachomaliza pochi. Kilo ya nyama ya ng'ombe isiyo na mfupa ina protini takriban gramu 200. Kilo ya maharage makavu inafika hapohapo au inapita kidogo, na bei yake iko chini sana ya nyama. Trei ya mayai 30 ina gramu 180 hivi. Kabla ya kwenda buchani, ulizia kwanza bei ya trei. Dagaa wakavu wanawashinda wote: kilo moja inazidi gramu 500, na kwa kuwa wanaliwa na mifupa yao, mtoto anapata na madini ya kalsiamu. Tena dagaa huuzwa kwa fungu, kwa hiyo hata mwenye pesa kidogo haondoki mikono mitupu.

Ila kagua. Dagaa walioanikwa chini huja na mchanga, nawe unaulipia kama kitoweo. Chota kiganjani, sugua, tazama kinachobaki. Walioanikwa kwenye chanja huwa ghali kidogo, lakini mara nyingi tofauti hiyo inajilipa.

Maharage nayo yana gharama isiyosemwa sokoni: mkaa. Yakipikwa bila kulowekwa, yanaweza kula mkaa mpaka unafuu wake ukapotea. Loweka usiku kucha, mwaga maji, kisha chemsha ya siku mbili kwa moto mmoja. Protini yake pekee haijakamilika kama ya nyama, lakini ikikutana na mahindi zinajazana. Ndiyo maana sahani ya makande nakuhesabia kuwa mlo kamili kuliko wali mkavu wenye vipande viwili vya nyama. Kiburu cha wazee wetu wa mlimani, ndizi na maharage chungu kimoja, kiko kwenye njia hiyohiyo. Ndizi peke yake hushibisha tu. Protini yake ni ndogo mno, na maganda umeyanunua pia.

Kwenye unga, dona inaishinda sembe. Kukoboa kunaondoa kiini na pumba, pamoja na sehemu kubwa ya vitamini B, madini ya chuma na zinki, halafu unamlipa mwenye mashine kwa kazi hiyo. Sharti moja: mahindi yawe makavu na safi. Yaliyoota ukungu yanaweza kuwa na sumukuvu, iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na kupika hakuiondoi. Yakiwa na rangi ya kijani au harufu ya uvundo, yaache hata kama ni bei ya kutupa.

Kushiba si lishe. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na iliyoongoza ni Iringa, Njombe na Rukwa, mikoa inayolisha nchi mahindi. Kwa mzazi wa Himo, uji wa dona uliotiwa maziwa au dagaa waliosagwa, na yai mara kwa mara, naona ni ununuzi bora kuliko pakiti ya unga wa lishe wenye nafaka kumi. Karanga za humo hujui zilihifadhiwaje, na soya isiyokaangwa au kuchemshwa vizuri humzuia mtoto kufaidi protini.

Kinachobaki, nunua mnafu au mchicha na ndimu. Ndimu ikikamuliwa juu ya maharage na mboga, mwili hufyonza madini ya chuma zaidi. Chai inayonywewa papo hapo baada ya kula huyazuia. Isogeze saa moja mbele.