Utambi Unaofifia: Asili na Maana ya Neno

Katika Isaya 42:3 nabii asema habari za Mtumishi wa Bwana asiyeuzima utambi dhaifu. Biblia yetu ya Muungano ya mwaka 1952 hutaja moshi wa utambi huo, kama zifanyavyo Septuaginta na Mathayo 12:20. Lakini neno la Kiebrania ni keha, nalo halisemi habari za moshi, bali za nuru iliyopungua.

Shina la neno hilo laonekana pia katika 1 Samweli 3:2, juu ya macho ya Eli yaliyoanza kufifia. Aya ifuatayo yatujulisha kwamba taa ya Mungu ilikuwa haijazimika. Taa hiyo kwa Kiebrania ni ner, ndugu wa neno la Kiarabu nur, ambalo ndilo asili ya "nuru" yetu. "Mwanga" ni neno la Kibantu. Katika karne ya 19, Kiswahili cha pwani kilisafiri na misafara kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji. Hivyo Mkristo wa Ipuli asemapo "nuru" hutamka neno lenye shina moja na taa ya Shilo.

Je, tofauti hii yatuhusu nini? Aliyetumia kibatari aijua. Moshi ni kero, na mwenye nyumba hushawishika kuuzima utambi. Mwanga ukififia kwa kupungukiwa mafuta, huongeza mafuta. Mzee wa kanisa amwonapo mshirika aliyeacha kuja mezani pa Bwana, aweza kuona moshi tu na kuuliza jinsi ya kumwondoa. Keha yamtaka aone kwamba mwanga ungalipo, akaulize amepungukiwa nini.

Wala hili si kuipuuza nidhamu ya Kanisa, kwa maana mwisho wa aya hiyo hiyo Mtumishi aleta hukumu kwa kweli. Lakini tuangalie aya ya 4. Katika Kiebrania mashina yote mawili, la mwanzi uliopondwa na la utambi unaofifia, yanarudi: Mtumishi mwenyewe hafifii wala hapondeki. Uhusiano huu ni vigumu kuuona katika Kiswahili, nao ndio kiini cha habari njema. Tumaini la utambi haliko katika nguvu ya mwali wake, bali katika Yeye aushikaye, ambaye nuru yake haipungui. Mhubiri na aanzie hapo.