Nyumba Mpya, Madarasa Mapya: Mipango ya Makazi na Shule Migori na Homa Bay

Nchini Kenya, anayepanga makazi siye anayejenga shule. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliipa serikali ya kaunti mipango ya ardhi, nyumba na elimu ya chekechea. Shule za msingi na za sekondari zilibaki kwa serikali ya kitaifa. Kwa hiyo mtaa mpya unaweza kuidhinishwa na ofisi moja, na watoto wake wakangoja madarasa kutoka ofisi nyingine.

Kaunti za Migori na Homa Bay zinaonyesha wazi uzito wa jambo hili. Kati ya sensa ya 2009 na ya 2019, idadi ya watu Migori ilipanda kutoka 917,170 hadi 1,116,436. Homa Bay ilitoka 963,794 ikafika 1,131,950. Wengi bado wanaishi vijijini, lakini ujenzi umesongamana kwenye miji ya barabarani kama Rongo, Awendo, Migori na Isebania, na kwenye miji ya Homa Bay, Oyugis, Kendu Bay na Mbita.

Mara nyingi upanuzi huo huanzia shambani. Mwenye ardhi humwita mpimaji, na shamba la mahindi au miwa hukatwa ploti za futi 50 kwa 100. Ekari moja hutoa ploti nane hivi, pungufu kidogo barabara zikitengwa. Ekari kumi zikigawanywa kwa namna hiyo, hupatikana ploti 70 au zaidi. Kila ploti ikiwa na familia moja yenye watoto wawili wa umri wa kusoma, hao ni wanafunzi 140. Palipojengwa vyumba vya kupangisha, idadi huongezeka maradufu. Kama hakuna ploti iliyoachwa kwa matumizi ya umma, watoto wote hao huelekea shule iliyokuwapo tangu zamani.

Katika uwanja wa shule hiyo, mgawanyo wa madaraka huonekana kwa macho. Darasa la chekechea hujengwa na kaunti, na mwalimu wake huajiriwa na kaunti. Hatua chache kando yake yapo madarasa ya msingi, mengi yakiwa yamejengwa kwa fedha za NG-CDF, mfuko wa serikali ya kitaifa unaopitia eneo bunge, na walimu wake wameajiriwa na TSC, tume ya kitaifa ya walimu. Tangu Januari 2023 sekondari ya chini nayo imo katika uwanja huohuo, ikihitaji madarasa na maabara zake.

Ardhi yenyewe ina historia yake. Wamisionari Waadventista walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, na shule nyingi za eneo la ziwa zilianzishwa na makanisa au kwa harambee ya wenyeji, kwenye viwanja vilivyotolewa na koo. Shule isiyo na hatimiliki hubaki hatarini: mjukuu wa aliyetoa kiwanja anaweza kukidai, au jirani akasogeza ua wake. Kadiri bei ya ploti inavyopanda, ndivyo hatari hiyo inavyoongezeka.

Sheria za kuziunganisha serikali ya kaunti na ya kitaifa zipo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 iliunda Bodi ya Elimu ya Kaunti, ambamo mkurugenzi wa elimu, mwakilishi wa TSC na waziri wa elimu wa kaunti huketi pamoja. Sheria ya Mipango ya Ardhi ya 2019 inaipa kaunti uwezo wa kumtaka anayegawanya ardhi atoe sehemu kwa matumizi ya umma. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 nayo inaruhusu fedha za tozo ya nyumba zitumike pia kwa huduma za jamii zinazoandamana na nyumba hizo. Uingereza imekwenda mbali zaidi: chini ya sheria yake ya mipango ya 1990, halmashauri inaweza kumfunga mjenzi kwa mkataba achangie gharama za shule kabla ya kupewa kibali.

Ili zana hizi zifanye kazi Migori na Homa Bay, utaratibu ndio muhimu. Ombi la kugawanya shamba kubwa lifike kwa mkurugenzi wa elimu kabla halijaidhinishwa, na afisa wa mipango ya ardhi aalikwe kwenye bodi ya elimu. Uwanja wa shule upimwe na kusajiliwa kwa jina la umma ploti zingali hazijauzwa. Mpango wa maendeleo wa kaunti wa miaka mitano uonyeshe shule zitakapokuwa, ili mbunge na Wizara ya Elimu wapeleke fedha huko. Darasa linaweza kujengwa baadaye fedha zikipatikana, lakini ardhi ikishauzwa na kujengwa, kuirudisha huhitaji fidia ambayo kaunti chache zinaimudu.