Mteja Kaja na Mbwa? Usimfukuze, Mtengee Pa Kumfunga



Leo naongea na wewe uliyefungua duka la pembejeo na dawa za mifugo, au unayeuza mayai, vifaranga na chakula cha kuku hapo hapo shambani kwako. Tuzungumzie mteja anayekuja na mbwa. Utasema, "Afisa, hilo nalo ni somo?" Nisikilize kwanza.

Mwaka jana, siku ya mnada, nilikuwa nimekaa kwenye duka moja naandika ratiba ya chanjo ya kuku. Akafika kijana mchungaji, katoka mbali, anataka dawa ya kuogeshea na ya minyoo. Mbwa wake akamfunga kwenye nondo ya mlango, maana hapakuwa na pengine. Na hapo hapo mlangoni, chini, kulikuwa na maboksi ya vifaranga vya siku moja. Mbwa kusikia vinalia, akaanza kunusa. Mwenye duka akapiga kelele, akaokota jiwe, akamtupia. Sasa mbwa aliyefungwa atakimbilia wapi? Akageuka, akamng'ata mguuni mtoto aliyetumwa kununua pumba kilo mbili.

Tuliosha kile kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 nzima. Mama yake alipofika nikamwambia ampeleke hospitali siku hiyo hiyo. Nikamuuliza kijana, mbwa kachanjwa? Akasema hakumbuki. Basi mtoto akaanza sindano za kichaa cha mbwa, nenda rudi, nenda rudi. Mbwa tukamfuatilia siku 10, akabaki mzima, tukashusha pumzi. Ila kijana hakurudi tena kununua pale. Mama naye hakurudi.

Kwa mfugaji, mbwa ni mfanyakazi. Usiku anafukuza fisi zizini, na tajiri yake akienda mnadani anamfuata hata kama hakuitwa. Ukimfukuza mbwa, umemfukuza na mwenye mbwa. Lakini kumwacha aingie dukani nako ni kosa. Kuna vifaranga, kuna sumu ya panya, kuna wateja wanaoogopa mbwa. Na Waislamu wengi hawataki mate ya mbwa yawaguse nguo, kwa hiyo tuwaheshimu. Dawa yake ni kumpa mbwa sehemu yake nje. Fanya hivi:

1. Chimbia vigingi. Viwili au vitatu, imara, kivulini, hatua kama kumi kutoka mlangoni na mbali na njia ya watu. Viachane vya kutosha, mbwa wawili wasifikiane. Weka na kamba ya akiba kwa anayekuja bila kamba.

2. Weka maji. Beseni kuukuu linatosha. Akiondoka mbwa mmoja, mwaga, suuza, weka mengine.

3. Panga duka upya. Vifaranga vikae juu ya meza, ndani kabisa. Sumu ya panya ipande shelfu ya juu, maana imetengenezwa ivutie kama chakula, na mbwa ataila tu. Mfuko wa chakula uliopasuka ushone au uhamishe.

4. Kinyesi kizolewe mara moja, kifukiwe. Usikiache karibu na chakula cha mifugo. Ipo minyoo ya mbwa ambayo mayai yake mbuzi na kondoo wakiyala malishoni, inaingia ubongoni na mnyama anaanza kuzunguka. Pia kuna ugonjwa unaopitia kinyesi cha mbwa na kufanya ng'ombe watupe mimba. Kwa mwenye ng'ombe wa maziwa, hiyo ni hela inapotea.

5. Mtoto wa mbwa asiyechanjwa asishuke chini. Mwenyewe ambebe, au akae kwenye boksi. Virusi vya parvo vinakaa kwenye udongo miezi mingi, na mbwa wa mteja anayefuata anaondoka navyo.

6. Mbwa aliyebadilika tabia, anatoa udenda au anashambulia ovyo, asisogezwe dukani kabisa. Watu na watoto wakae mbali, umpigie daktari wa mifugo haraka.

Halafu kuna ulimi. Usiseme "Toa mbwa wako hapa!" Sema, "Karibu kaka, mfunge pale kivulini, maji yapo." Ni maneno machache tu, na mteja anatulia, ananunua bila haraka.

Akishatulia, muulize swali moja: "Huyu kachanjwa lini?" Hapo ndipo biashara na usalama vinakutana. Mbwa anachanjwa kichaa akiwa na miezi 3, kisha anarudiwa kila mwaka. Mtu akishaanza kuonyesha dalili za ugonjwa huu, kupona ni karibu haiwezekani. Lakini tukichanja mbwa 7 katika kila 10, ugonjwa unakatika. Andika majina ya wenye mbwa kwenye daftari. Wakifika wengi, zungumza na daktari wa mifugo apange siku ya chanjo hapo dukani kwako, ya mnada ikiwezekana. Usichanje mwenyewe kama hujasomea, na chanjo ikae kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Siku hiyo watanunua na dawa ya minyoo, ya kupe, na hata chumvi ya mawe ya ng'ombe.

Yule mwenye duka nilipita kwake mwezi uliopita. Kachimbia vigingi vitatu chini ya mwarobaini, na beseni lipo. Niliwakuta mbwa wawili wamelala, wenyewe wako kaunta wanauliza bei. Yule kijana mchungaji sikumwona. Vigingi vile vingekuwepo siku ile, angekuwa bado mteja.

Kazi njema.