Kurasa Zilizokunjwa na Ufunguo Wake

Mtu akiutia ukurasa wa kitabu katika mashine ya skana na kuupiga picha ya rangi kwa kipimo cha nukta 300 kwa kila inchi, ukurasa huo wa ukubwa wa karatasi ya ofisini huzaa nukta karibu milioni 8.7. Kila nukta huhitaji baiti 3, yaani ukurasa mzima, kabla haujabanwa, huwa na uzito wa megabaiti 26. Katika miaka ya mwisho ya 1990, modemu bora ya simu ilipitisha kilobiti 56 kwa sekunde, tena hapo laini iwe safi. Kwa mwendo huo ukurasa mmoja ungalichukua zaidi ya saa nzima kumfikia msomaji, na kitabu cha kurasa 200 kingalichukua siku 8 na nusu, usiku na mchana. Huku kwetu Afrika ya Mashariki, ambako nyaya kubwa za chini ya bahari zilifika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009 tu, mambo yalikuwa mazito zaidi.

Njia iliyokuwapo ya kupunguza uzito wa picha ni ile ya JPEG. Nayo ni njia njema kwa picha za watu na mandhari, ambamo rangi hubadilika polepole. Lakini ukingo wa herufi ni mkali, mweusi juu ya mweupe, na JPEG ikiubana mno huacha madoa kama vumbi kandokando ya kila herufi, hata macho yakachoka.

Tatizo hili ndilo walilolishughulikia watafiti wa maabara ya AT&T nchini Marekani kuanzia mwaka 1996, miongoni mwao Yann LeCun, Léon Bottou, Patrick Haffner na Paul Howard. Matunda ya kazi yao waliyaita DjVu, jina linalotamkwa kama maneno ya Kifaransa yenye maana ya "kilichokwisha kuonwa". LeCun huyo ndiye aliyekuja kushiriki tuzo ya Turing ya mwaka 2018 kwa kazi ya mitandao ya neva ya kompyuta. Wengi wamjuao kwa hayo hawajui kwamba aliwahi kuhangaikia kurasa za vitabu.

Wazo lao ni kuuchambua ukurasa katika matabaka. Tabaka la kwanza ni maumbo ya herufi peke yake, meusi na meupe, yakihifadhiwa kwa ukali wote wa nukta 300. La pili ni karatasi yenyewe pamoja na picha zake, ambalo nukta 100 kwa inchi hulitosha. La tatu ni rangi ya wino, nalo huridhika na nukta 25. Aidha, herufi moja ikirudiwa mara 90 katika ukurasa, umbo lake huhifadhiwa mara moja, na kwingineko huandikwa tu pa kuliweka. Kwa ufundi huo ukurasa wa megabaiti 26 hushuka hadi kati ya kilobaiti 30 na 100, mzigo ambao modemu ile ile iliubeba kwa sekunde zisizozidi 15.

Ila kivinjari cha intaneti hakikuielewa lugha hiyo. Ilibidi msomaji apakue programu-jalizi, yaani programu ndogo inayopachikwa ndani ya kivinjari ili kukifundisha kazi isiyokuwa yake. Alikifunga kivinjari, akaendesha kisakinishi, akakifungua tena. Kwenye Linux alitia faili liitwalo nsdjvu.so katika folda ya programu-jalizi, kisha akaandika about:plugins mahali pa anwani ili kuhakikisha kwamba limetambuliwa.

Baada ya hapo raha ilianza. Maandishi yalitokea kwanza, karatasi ikafuata na kuzidi kung'aa kadiri data ilivyowasili. Msomaji aliweza kuuvuta ukurasa kwa kipanya na kuukuza hadi alama ndogo kabisa. Jambo lililowapendeza zaidi wasomaji wa nyaraka kuukuu ni uwezo wa kuyatenga matabaka: mtu aliondoa karatasi yenye madoa ya maji na kubakiza maandishi matupu, au akaondoa maandishi ili aikague karatasi.

Hata hivyo, ule ujanja wa kuhifadhi umbo mara moja una hatari yake. Mbanaji akilegeza masharti, maumbo mawili yanayokaribiana huweza kuhesabiwa kuwa moja. Mwaka 2013 Mjerumani David Kriesel alionyesha kwamba baadhi ya mashine za Xerox, zilizotumia JBIG2, njia iliyo binamu ya hii, zilibadilisha tarakimu katika ramani ya nyumba: vyumba vya ukubwa tofauti vyote vikaandikwa 14.13. Nakala ilikuwa safi isiyo na waa, na ndiyo sababu hakuna aliyeishuku. Xerox ilitoa marekebisho. DjVu nayo inaweza kubana bila kupoteza chochote, mtumiaji akichagua hivyo. Kwa hati za hesabu, ardhi au hospitali asichague vinginevyo.

Pigo la pili halikutokana na picha. Programu-jalizi za namna ile ziliachiwa uhuru mkubwa mno ndani ya kompyuta. Mwenye nia mbaya aliweza kupenya kwazo, na moja ikianguka iliangusha kivinjari kizima. Watengenezaji wakaufunga mlango: Chrome mwaka 2015, Firefox mwezi Machi 2017. Siwalaumu kwa kuufunga. Lakini maktaba zilizokuwa zimeweka hazina zao kwa DjVu peke yake ziliamka zikiwa na rafu zilizojaa vitabu na wasomaji wasioweza kuvifunua. Internet Archive yenyewe, hazina kubwa ya vitabu iliyoko Marekani, iliacha kutengeneza mafaili mapya ya DjVu mwaka 2016.

Ndugu msomaji mwenye mafaili yanayoishia kwa djvu asihangaike kutafuta programu-jalizi ya zamani. Vivinjari vya leo haviipokei, na tovuti ambazo bado zinajitolea kuitoa ni za kutiliwa shaka. Na asakinishe programu kamili ya kusomea katika kompyuta yenyewe: DjView, inayotolewa bure pamoja na DjVuLibre, au Okular, au SumatraPDF kwa watumiao Windows. DjVuLibre pia ina amri ya ddjvu inayogeuza faili kuwa PDF. Mara nyingi faili jipya huwa zito kuliko la awali, na maandishi yaliyofichwa nyuma ya picha kwa ajili ya kutafutia maneno hayahami pamoja nalo. Hayo hutolewa kwa amri nyingine, djvutxt. Faili la awali lisifutwe. Na kabla ya karatasi zenyewe kutupwa au kuuzwa kwa wafungaji karanga, ichukuliwe kurasa mbili tatu zenye tarakimu nyingi, zikuzwe kwenye kioo, na kusomwa namba kwa namba mbele ya karatasi.