Kituo cha data kinapohamishwa: Mtumiaji wa Makindye ajiandae vipi?

Mkazi wa Makindye, kusini mwa Kampala, anapotangaziwa kwamba mitambo ya maji ya Ggaba itazimwa kwa matengenezo, hahitaji maelezo marefu. Hujaza madumu, hufua nguo mapema na kusubiri maji yarudi. Lakini anapopokea ujumbe kwenye simu kwamba huduma hazitapatikana "kwa sababu ya kuhamisha mfumo", mara nyingi hajui ajaze nini, wala kwa muda gani.

Nyaya za intaneti zilizopita chini ya bahari zilipokatika Mei 12, 2024, intaneti ilizorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Uganda ikiwemo, na hakuna aliyeonywa kabla. Uhamisho wa kituo cha data ni tofauti: hupangwa kwa wiki au miezi. Kwa hiyo madhara yake hutegemea sana iwapo mtumiaji ameambiwa mapema, kwa lugha anayoielewa, ni nini kitakachosimama na nini kitakachoendelea.

Kituo cha data ni nini, na kwa nini kihamishwe?

Kituo cha data ni jengo, au chumba ndani ya jengo, ambamo huwekwa seva, yaani kompyuta zinazofanya kazi usiku na mchana kwa niaba ya watu wasioziona. Muuza samaki wa Ggaba anapolipwa kwa simu, mwanafunzi wa chuo kikuu huko Kansanga anapojisajili kwa masomo, au familia ya Nsambya inaponunua umeme wa Yaka, simu huwa ni dirisha tu. Daftari lenyewe limo ndani ya seva.

Sababu za kuhama ni nyingi: nafasi kujaa, mkataba wa pango kumalizika, umeme usiotegemewa, au vipozajoto vilivyochakaa. Nchini Uganda, kampuni na taasisi sasa zinaweza kupanga nafasi katika vituo vya pamoja, mfano wake kituo cha Raxio katika eneo la viwanda la Namanve, mashariki mwa Kampala.

Mfano unaokumbukwa zaidi katika ukanda huu ni wa M-Pesa ya Kenya. Huduma hiyo ilianza mwaka 2007, na kwa miaka kadhaa seva zake zilikuwa Ujerumani. Mwezi Aprili 2015, Safaricom ilizihamishia Kenya na kuanza kutumia mfumo mpya. Wateja walitangaziwa mapema kwamba huduma ingesimama kwa saa kadhaa mwishoni mwa wiki.

Kwa nini lazima huduma isimame?

Mfikirie mwenye duka anayehamisha daftari la madeni kutoka kitabu kilichojaa kwenda kitabu kipya. Anaweza kunakili kurasa za zamani taratibu huku akiendelea kuuza. Lakini akifika ukurasa wa leo, hana budi kuwaambia wateja wasubiri. Wakiendelea kukopa na kulipa wakati ananakili, vitabu viwili vitatofautiana, na hapatakuwa na anayejua kipi ndicho cha kweli.

Mafundi wa kituo cha data hufanya vivyo hivyo. Kwanza data hunakiliwa kwa siku kadhaa bila mtumiaji kuona badiliko lolote. Kisha hufika saa ya kuvuka: miamala mipya huzuiwa, nakala ya mwisho hulinganishwa na asili yake, na watumiaji huelekezwa kwenye makao mapya. Saa hizo za ukimya ndizo zinazolinda salio la mteja. Pakitokea kasoro, mpango mzuri huwa na njia ya kurudi kwenye seva za zamani, ambazo hazipaswi kuzimwa kabisa mapema.

Mbona jirani anapata huduma na wewe hupati?

Baada ya uhamisho, huenda duka moja la Kabalagala likapata huduma ilhali la jirani bado linaona ukurasa wa kosa. Simu na kompyuta hukumbuka kwa muda anwani ya seva zilizoitembelea, ili zisiiulize kila mara. Kifaa kinachokumbuka anwani ya zamani huendelea kubisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Hali hiyo huisha yenyewe, kwa kawaida ndani ya saa chache. Kuzima na kuwasha tena simu husaidia mara nyingine.

Somo kutoka Uingereza

Data kufika salama hakutoshi. Mwezi Aprili 2018, benki ya TSB ya Uingereza ilihamisha kumbukumbu za wateja wake milioni tano na ushei kutoka mfumo wa benki ya Lloyds. Wasimamizi wa sekta ya fedha walibaini baadaye kwamba data zenyewe zilihama vizuri, lakini mfumo mpya ulianza kukwama papo hapo. Wateja wengi walishindwa kufikia akaunti zao, na benki haikurejea katika hali ya kawaida hadi Desemba mwaka huo. Desemba 2022, TSB ilitozwa faini ya pauni milioni 48.65.

Tangazo jema lina nini?

Tangazo lisemalo "kutakuwa na usumbufu mdogo" halimsaidii mtu kupanga siku yake. Mtumiaji anahitaji kujua huduma ipi itasimama, ipi itaendelea, kuanzia lini hadi lini, na nani wa kupigiwa simu muda uliotajwa ukipita.

Muda ndio huzua utata zaidi. Kiswahili na Kiluganda huhesabu saa kuanzia macheo, ilhali matangazo mengi huandikwa kwanza kwa Kiingereza. Anayesoma "10:00" bila ufafanuzi anaweza kuelewa saa kumi badala ya saa nne. Hata maneno "usiku wa Jumamosi" huwagawa wasomaji: wapo wanaoelewa usiku unaotangulia Jumamosi, na wapo wanaoelewa ule unaoifuata. Iliyo wazi zaidi ni kuandika "usiku wa kuamkia Jumapili, kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi", pamoja na tarehe.

Mtumiaji afanye nini?

Hatua ya kwanza ni kutambua ni kipi kinachotegemea seva za mbali. Umeme wa Yaka ni mfano mzuri. Mita huhesabu uniti zilizomo ndani yake bila kuwasiliana na seva. Kinachohitaji seva ni kununua tokeni mpya. Ndiyo maana anayenunua na kuingiza uniti za siku mbili tatu kabla ya uhamisho hatabaki gizani.

Watumiaji wa mita hizo waliwahi kujaribiwa kwa namna inayofanana. Tokeni za mita za kulipia kabla katika nchi nyingi duniani zilihesabu dakika tangu mwaka 1993, na nafasi ya kuhesabia ilifikia kikomo Novemba 24, 2024. Wateja, wakiwemo wa Uganda, walitakiwa kuingiza namba maalumu kabla ya siku hiyo, la sivyo mita zisingekubali tokeni mpya.

Pesa za kwenye simu ni kinyume cha umeme. Salio limo ndani ya seva, na mfumo ukizimwa halitumiki hata kama simu inaita kama kawaida. Kwa hiyo:

• Toa fedha taslimu za kutosha nauli, chakula na dawa kabla ya saa iliyotangazwa. Usisubiri dakika ya mwisho, kwani wakala naye anaweza kuishiwa.

• Usianzishe malipo makubwa saa ya kuvuka inapokaribia. Muamala ukikwama, usiurudie papo hapo, kwani unaweza kulipa mara mbili. Andika kiasi, saa na namba ya muamala, kisha angalia salio huduma ikirejea.

• Mwenye duka aandae daftari na risiti za karatasi. Zahanati ichapishe mapema orodha ya wagonjwa wa siku inayofuata na dawa zao.

• Usimpe mtu yeyote namba yako ya siri. Matapeli hupenda siku kama hizi: hupiga simu wakidai kwamba akaunti yako "haikuhama" na wanataka kuihakiki. Uhamisho halali hauhitaji namba ya siri ya mteja.

Huduma ikirejea, linganisha salio na ulichoandika kabla ya kuendelea na shughuli. Kama kuna tofauti, toa taarifa mapema ukiwa na namba za miamala mkononi. Mwenye kumbukumbu zake husikilizwa kwa urahisi kuliko mwenye malalamiko matupu.