Maharage yakibanana, gunia halijai

Msimu wangu wa kwanza wa kulima hapa Rebero nilipanda maharage kama nilivyozoea kuona Karagwe, Tanzania, nilikosoma: mbegu za kumwaga kwa mkono. Nilikuwa na kipande cha mita 10 kwa 10. Nikakimwagia kilo mbili, nikiamini mbegu nyingi ndiyo mavuno mengi.

Shamba lilifunga kijani, majirani wakanipongeza. Kumbe ndani hewa haipiti. Majani ya chini yalikosa jua yakawa manjano, unyevu ukaleta madoa na kuoza, na kila shina likabeba maganda machache. Nilivuna kilo sita. Ukitoa mbegu, nilibaki na nne.

Maharage mafupi yanataka sentimita 40 kati ya mistari na 20 kati ya mashimo, mbegu mbili kila shimo. Kipande kama changu kinachukua mashimo 1,250, yaani mbegu 2,500. Hizo ni takriban kilo moja tu. Maharage marefu ya kupanda mitini yape sentimita 50 kati ya mistari, na miti imara.

Lakini usiachanishe mno. Shina lililo peke yake huzaa sana, ila nafasi tupu hulea magugu, na kwenye mteremko kama wetu mvua huondoka na udongo. Mistari ikingame mteremko.

Ndugu uliyerudi nyumbani, nawe mfanyabiashara unayevusha mbegu Rusumo au Gatuna, kabla ya mvua za Septemba azima rula ya mwanao. Chukua kamba, funga fundo kila sentimita 20. Kilo utakayookoa ni chakula cha watoto.