Linux imetulia, au itakutia aibu?

Jamani, kompyuta yako ya zamani imeachwa kwenye mataa? Huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma Oktoba 14, 2025, na Windows 11 inazikataa mashine nyingi kuukuu. Usiitupe! Linux ni ya bure, aliianzisha Linus Torvalds, mwanafunzi wa Finland, mwaka 1991. Safu hii naiandikia humo, na haijanizimikia hata mara moja. Siri ni kuchukua Ubuntu LTS, inayopata marekebisho kwa miaka 5. Achana na matoleo ya majaribio. Ila printa yangu iligoma siku nzima! Kwa hiyo ijaribu kwanza kwenye flashi, bila kufuta kitu. Printa na waifai zikikubali, hifadhi kazi zako pembeni, kisha iweke. Zikikataa, chomoa flashi yako, mshikaji. Hujapoteza kitu.